Kafeini na Maumivu ya Kichwa: Swali Linalosahaulika katika Zahanati za Ngara na Biharamulo

Tumfikirie bibi mmoja wa Ngara aliyefuatana na binti yake hospitalini. Binti amejifungua kwa upasuaji, na bibi amebaki wodini kumuuguza. Nyumbani kwake bibi huyu huamka alfajiri, huwasha moto, wala hashiki jembe kabla ya kumaliza vikombe viwili vya kahawa nzito. Jioni huongeza kimoja, na wageni wakifika hutafuna nao punje mbili tatu. Hospitalini hayo yote hayapo; hunywa maji, na uji anaoletewa na jirani. Siku ya pili kichwa kinamgonga pande zote mbili, anapiga miayo bila kukoma, mwili ni mzito na moyo unamchafuka.

“Shikamoo, bibi. Kichwa kimekuanza lini?” anauliza muuguzi.

“Marahaba, mjukuu wangu. Tangu jana magharibi. Ni malaria ya hapa hapa wodini. Mbu wenu hawana adabu.”

Kipimo cha haraka cha malaria hakioneshi vimelea. Shinikizo la damu ni la kawaida, homa hana, shingo inapinda bila shida. Anapewa parasetamoli na kupata nafuu ndogo. Alasiri mkwe wake anafika na chupa ya chai ya rangi iliyokolea. Bibi anakunywa vikombe viwili, na kabla ya saa moja kupita anaongea na wagonjwa wa vitanda vya jirani kana kwamba hakuna kilichomsibu.

Mfano huu tumeutunga, ila mtoa huduma yeyote aliyefanya kazi wodini ataitambua sura yake. Mbu wa wodi hawahusiki: mtu akiumwa leo na mbu mwenye vimelea vya malaria, ugonjwa hauonekani kesho, bali baada ya siku saba au zaidi. Lililomsumbua bibi ni kukatika kwa kafeini. Makala hii inahusu swali ambalo hakuulizwa: mara ya mwisho amekunywa kahawa au chai lini?

Kinachotokea ndani ya ubongo

Seli za ubongo zinapofanya kazi huacha kemikali iitwayo adenosini. Kadiri mtu anavyokaa macho, adenosini huongezeka, hujishika kwenye vipokezi vyake na kupunguza kasi ya seli za neva. Ndipo tunapohisi uchovu na usingizi. Kemikali hiyo hiyo hutanua mishipa ya damu ya ubongo. Umbo la kafeini linakaribiana na la adenosini, kiasi kwamba inaweza kukalia vipokezi hivyo bila kuviamsha. Ni sawa na mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba: hafanyi kazi ya mwenye nyumba, lakini maadamu amekaa, mwenyewe hana pa kukaa. Matokeo yake usingizi huondoka, na mishipa ya damu ya ubongo husinyaa kidogo.

Kwa mtu anywaye kahawa mara moja moja, habari huishia hapo. Kwa anywaye kila siku, mwili hujizoesha. Hurekebisha vipokezi vyake ili adenosini iweze kusikika licha ya kafeini iliyopo, na baada ya wiki kadhaa hali ya kuwa na kafeini inakuwa ndiyo hali ya kawaida ya mtu huyo. Siku kafeini isipofika, adenosini huvikuta vipokezi viwazi na vyepesi kuitikia kuliko vya mtu asiyekunywa kabisa. Mishipa hutanuka, damu ipitayo katika ubongo huongezeka, na kichwa huanza kugonga. Kikombe kimoja hurudisha mambo mahali pake. Kwa sababu hiyo mnywaji husema kwa yakini kwamba kahawa ni dawa ya kichwa, na hasemi uongo. Asichokijua ni kwamba kahawa hiyo inatibu pengo lililoachwa na kahawa ya jana.

Jambo hili halikugunduliwa juzi. Mwaka 1943 watafiti wawili wa Marekani, Dreisbach na Pfeiffer, waliwapa watu kafeini kwa siku kadhaa kisha wakaibadilisha na vidonge visivyo na dawa bila wao kujua, na maumivu ya kichwa yakafuata. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa kwa watu wazima 62 wenye afya, ambao kwa wastani walitumia miligramu 235 za kafeini kwa siku, yaani vikombe viwili na nusu hivi vya kahawa. Siku walizopewa vidonge vitupu, asilimia 52 kati yao walipata maumivu ya kichwa ya wastani au makali. Hawakuwa walevi wa kahawa. Walikuwa watu wa kawaida wenye kiasi cha kawaida, na hapo ndipo penye uzito wa matokeo yale.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa baadaye umetupatia ratiba inayofaa kukumbukwa. Maumivu huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, hufikia ukali wake kati ya saa 20 na 51, na huisha baada ya siku mbili hadi tisa. Mtu anayetumia miligramu 100 tu kwa siku anaweza kuyapata. Mara nyingi huandamana na uchovu, usingizi, kukosa umakini, hasira za haraka, na wakati mwingine kichefuchefu na misuli kuuma kama mtu mwenye mafua. Orodha hiyo inafanana mno na ile ambayo wagonjwa wetu huitaja wanaposema “nina malaria”.

Kikombe, punje na kopo

Mkoa wa Kagera ndio kitovu cha kahawa ya robusta nchini Tanzania, na hilo lina maana yake kitabibu. Punje ya robusta ina kafeini inayokaribia mara mbili ya punje ya arabika: asilimia mbili na zaidi ya uzito wake mkavu, ilhali arabika ina asilimia moja na kidogo. Takwimu za vitabu vya kigeni, ambazo kwa kawaida hukadiria kikombe kimoja kuwa na miligramu 95 hadi 100, hazitufai sana mbele ya mtu anayechemsha unga wa robusta ya shambani kwake hadi maji yakawa meusi.

Ipo pia kahawa ya kutafuna. Wahaya huiita amwani: tunda la mbuni huchumwa, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, kisha hutolewa kwa mgeni kabla ya mazungumzo kuanza. Ni desturi ya Bukoba na Muleba zaidi, lakini pakiti zake husafiri na abiria, na Wahaya waliohamia wilaya nyingine wamehama nayo. Katika Ngara, nchi ya Wahangaza na Washubi, na Biharamulo ambako Wasubi, Wazinza, Wasukuma na Wahaya wanaishi pamoja, si ajabu kumkuta mtu na punje mfukoni. Tukipiga hesabu ya karatasi, gramu moja ya robusta kavu ina miligramu 20 hivi za kafeini. Kuchemsha hupunguza kiasi, na maganda yana uzito wake, hivyo tusidai usahihi tusiokuwa nao, hata hivyo, mtu anayemaliza gramu tano au sita kwa siku yuko karibu na kikombe kizima cha kahawa, naye ukimwuliza kama anakunywa kahawa atajibu kwa dhati kabisa, “Sinywi.” Muulize kama anatafuna.

Chai nayo isisahaulike. Kikombe cha chai ya rangi hubeba miligramu 40 hadi 50, na nyumba nyingi za wilaya hizi huanza siku kwa chai kuliko kwa kahawa, kwani kahawa ni ya kuuza. Anayekunywa vikombe vitatu vikubwa kwa siku tayari amevuka ile miligramu 100. Soda aina ya kola ya chupa ina miligramu 30 na kitu. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu kwa kawaida lina miligramu 80. Somo la lebo ni muhimu hapa, kwani ujazo wa chupa hutofautiana, na wapo wanaokunywa chupa tatu kwa usiku mmoja.

Hao wa chupa tatu tunawajua walipo. Barabara kuu itokayo mpaka wa Rusumo hupita Benako, ikashuka Nyakahura na Lusahunga hadi Nyakanazi, ikiwa imebeba malori ya Rwanda na Burundi usiku na mchana. Dereva anayekesha kwa vinywaji hivyo hadi Nyakanazi, akalala mchana kutwa, akaamka jioni na kichwa kinachopasuka, ana sababu tatu za kuumwa kwa wakati mmoja: usingizi uliovurugika, maji machache mwilini, na kafeini iliyokatika. Akiitibu ile ya tatu kwa chupa nyingine, mbili za kwanza huzidi. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Biharamulo wanaofanya zamu za usiku wamo katika mzunguko huo huo.

Muda ambao kafeini hukaa mwilini haulingani kwa watu wote. Kwa mtu mzima wa kawaida nusu yake huondoka baada ya saa tano hivi. Mvutaji sigara huiondoa haraka zaidi. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango huchukua karibu mara mbili ya muda huo, na mjamzito katika miezi ya mwisho anaweza kufika saa 15. Kwa hiyo kikombe cha saa kumi jioni, kwake, bado kipo mwilini alfajiri. Shirika la Afya Duniani linashauri wajawazito wanaotumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku wapunguze, kwa ajili ya mtoto.

Kafeini iliyofichwa ndani ya kidonge

Sehemu hii tunawaomba wauzaji wa maduka ya dawa muhimu waisome mara mbili.

Kafeini husaidia dawa za maumivu. Mapitio ya tafiti ya Cochrane yameonesha kwamba kuongeza miligramu 100 au zaidi kwenye dozi ya dawa ya kawaida ya maumivu huongeza, kwa kiasi kidogo lakini cha kweli, idadi ya watu wanaopata nafuu nzuri. Ndiyo maana viwanda huichanganya na parasetamoli, au na aspirini na parasetamoli kwa pamoja. Kidonge cha Panadol Extra, kwa mfano, kina miligramu 500 za parasetamoli na 65 za kafeini. Mtu anayemeza viwili mara tatu kwa siku amepata miligramu 390 za kafeini bila kugusa kikombe.

Hatari haimo katika dozi ya siku moja. Imo katika mazoea. Kichwa kinauma Jumatatu, mtu ananunua vidonge viwili. Jumatano kinarudi, anaongeza. Mwezi wa tatu anameza karibu kila siku, na kichwa kinauma karibu kila siku. Sasa mwili wake una madeni mawili, la kafeini na la dawa yenyewe. Wataalamu wa magonjwa ya kichwa wameweka mpaka: anayetumia dawa za maumivu zenye mchanganyiko, zikiwamo zile zenye kafeini, siku 10 au zaidi kwa mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, naye anaumwa kichwa siku 15 au zaidi kila mwezi, ashukiwe kuwa anaumwa kwa sababu ya dawa. Kwa parasetamoli peke yake mpaka ni siku 15. Tiba ya kwanza kwa mgonjwa huyo ni kuacha dawa hizo, na ni vigumu kumshawishi, kwa kuwa siku za mwanzo atazidi kuumwa. Aambiwe hivyo mapema. Asipoambiwa, atarudi dukani siku ya pili akiamini kwamba tabibu amekosea.

Inatosha muuzaji kumwuliza mteja anayerudi, “Baba, hizi umezitumia siku ngapi mwezi huu?” Swali hilo halina gharama, na linaweza kumwokolea mtu figo na tumbo, maana aspirini ya kila siku ina madhara yake mengine.

Wenye kipandauso

Kipandauso ni ugonjwa wenyewe, si dalili ya kunywa kahawa. Kichwa huuma mara nyingi upande mmoja, kwa mapigo, mwanga na kelele vikamkera mgonjwa, akatapika, akatamani chumba cha giza. Wanawake hupata zaidi kuliko wanaume. Uhusiano wake na kafeini una pande mbili, na hapo ndipo wagonjwa huchanganyikiwa: kikombe kimoja kikinywewa mapema pamoja na dawa kinaweza kusaidia, na vikombe vingi vinaweza kuchochea shambulio. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, uliowafuatilia wagonjwa 98 wa kipandauso kwa kuandika kila siku walichokunywa, ulionesha kwamba siku zenye vinywaji vitatu au zaidi vya kafeini ziliambatana na uwezekano mkubwa zaidi wa shambulio siku hiyo au ya pili yake. Kimoja au viwili havikuonesha hivyo kwa walio wengi.

Ushauri wetu kwa mwenye kipandauso ni kwamba asiongozwe na kiasi peke yake bali na utaratibu. Kikombe kimoja kila siku saa ile ile ni salama kwake kuliko vinne Jumamosi na sifuri Jumapili.

Siku ambazo kikombe hukosekana

Ukimya wa kafeini una majira yake, na anayeyajua hatashangaa.

Mfungo ni wa kwanza. Madaktari wa Saudi Arabia waliandika mwaka 1999 kuhusu maumivu ya kichwa ya siku ya kwanza ya Ramadhani, wakabaini kwamba kukosa kafeini ni miongoni mwa sababu zake kubwa. Waislamu wa Biharamulo mjini hawahitaji jarida kuwaambia hilo, ila wanahitaji kuambiwa kwamba linazuilika: wapunguze vikombe polepole katika wiki mbili za mwisho za Shaabani, na anayependa anywe kikombe kimoja wakati wa daku. Wakristo wanaofunga Kwaresima kwa kuacha kahawa hupita njia hiyo hiyo. Yumo pia mtu anayejiunga na Kanisa la Waadventista Wasabato, ambalo waumini wake hawanywi kahawa wala chai yenye kafeini, akaacha vyote siku ya ubatizo. Wiki ya kwanza ya imani mpya inaweza kuwa wiki ya kichwa kibaya, na ni vema mchungaji wake akajua sababu.

Safari, msiba na kuuguza ni majira mengine. Bibi wa mfano wetu ni wa kundi hilo.

Lakini pahali ambapo watoa huduma wanapaswa kuwa makini kuliko pote ni chumba cha upasuaji. Mgonjwa anaambiwa asile wala kunywa tangu usiku. Upasuaji unaahirishwa hadi mchana. Kufikia jioni amekaa saa 20 bila kafeini, na kichwa kinauma. Miongozo ya kimataifa ya wataalamu wa dawa za usingizi huruhusu vinywaji vyepesi visivyo na maziwa, ikiwamo chai ya rangi na kahawa nyeusi, hadi saa mbili kabla ya usingizi kwa mgonjwa asiye na tatizo la tumbo kuchelewa kutoa chakula. Mtaalamu wa usingizi wa hospitali husika ndiye mwenye neno la mwisho, na mgonjwa asijiamulie. Lakini ni jambo linalofaa kujadiliwa, hasa kwa wale wanaosubiri saa nyingi.

Kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji kwa ganzi ya mgongo, maumivu ya kichwa yana maana zaidi ya moja. Tundu dogo lililoachwa na sindano linaweza kuvujisha maji ya uti wa mgongo, na hapo kichwa huuma vikali anapoketi au kusimama, kikatulia anapolala chali. Kichwa cha kukosa kafeini hakijali sana amelala au ameketi. Kwa hiyo mlaze, mketishe, kisha uulize. Kwa bahati, kafeini hutumika pia kupunguza maumivu ya tundu la sindano, hivyo chai ya rangi itamfaa katika hali zote mbili. Lakini kabla ya chai, pima shinikizo la damu. Mama aliyejifungua siku moja, mbili au hata kumi zilizopita, anayeumwa kichwa na kuona maruweruwe, huenda yuko katika hatua za mwanzo za kifafa cha mimba, na hakuna kikombe kinachotibu hilo.

Kichwa ambacho si cha kahawa

Tumefika penye hofu yetu kubwa kuhusu makala kama hii. Mtoa huduma aliyejifunza jambo jipya hulipenda, akaliona kila mahali. Tusingependa mgonjwa hata mmoja arudishwe nyumbani kwa maneno “ni kahawa tu” pasipo kuchunguzwa.

Tarehe 20 Januari 2025 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa virusi vya Marburg umethibitishwa Biharamulo. Kulikuwa na wagonjwa wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa kuwa nao, na wote kumi walifariki kabla mlipuko haujatangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Miaka miwili kabla yake, mwaka 2023, ugonjwa huo huo ulikuwa umeikumba Wilaya ya Bukoba. Marburg huanza ghafla kwa homa kali, kichwa kuuma vikali na mwili kuuma. Damu na dalili nyingine za kutisha huja baadaye. Katika siku zake za kwanza mgonjwa huyo na mgonjwa wa malaria hukaa kwenye benchi moja wakieleza jambo moja. Hakuna mahali nchini ambapo kichwa chenye homa kinastahili kuchukuliwa kwa uzito kuliko hapa.

Kukosa kafeini hakuleti homa. Sentensi hiyo moja ibandikwe ukutani. Mgonjwa mwenye homa apimwe malaria na achunguzwe kwa taratibu zote za tahadhari, hata kama ameacha kahawa jana. Hali kadhalika asihusishwe na kafeini yule ambaye kichwa kimempiga ghafla kama radi na kufikia kilele kwa dakika moja, mwenye shingo ngumu au anayechanganyikiwa, aliyepooza upande au anayeongea kwa shida, aliyeangukia kichwa, mjamzito au mzazi mwenye shinikizo la juu, anayeishi na virusi vya UKIMWI na ambaye kichwa kimemsumbua kwa wiki kadhaa, kwa kuwa huenda ana uti wa mgongo wa fangasi, na mtu wa zaidi ya miaka 50 ambaye hajawahi kuumwa kichwa cha namna hiyo. Watoto wadogo nao wasihesabiwe humu kabisa.

Baada ya hao wote kuondolewa, wanabaki wengi: wasio na homa, kipimo cha malaria kikiwa hasi, uchunguzi wa mwili ukiwa safi. Kwa desturi mbaya tuliyo nayo, baadhi yao hupewa dawa ya mseto “kwa tahadhari”. Dawa hiyo haiwatibu, na inapotea kwa asiye na ugonjwa huku ikikosekana kwa aliye nao. Hapo ndipo swali letu lina nafasi yake. Vigezo vya kimataifa ni vyepesi kukumbuka: mtu aliyekuwa akitumia zaidi ya miligramu 200 kwa siku kwa zaidi ya wiki mbili, akakatiza au akachelewa, kichwa kikaanza ndani ya saa 24, na kikatulia ndani ya saa moja baada ya kupata miligramu 100, ambacho ni kikombe kimoja cha kahawa au viwili vya chai. Kikombe hicho ni kipimo na tiba kwa pamoja. Kikishindwa, mchunguze upya. Na kikifanikiwa, bado mwambie arudi iwapo homa itatokea, kwani kafeini hupunguza maumivu ya namna nyingi na inaweza kudanganya kwa saa chache.

Majibu yaandikwe kwenye daftari la mgonjwa kwa maneno ya wazi: anywa kahawa vikombe vitatu, mwisho juzi asubuhi. Mwenzako wa zamu ya usiku atakushukuru.

Anayetaka kupunguza

Hakuna anayelazimika kuacha. Mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku bila madhara yanayojulikana, na kwa mkulima wa Ngara ambaye kahawa yake ya alfajiri ndiyo starehe pekee isiyomgharimu fedha, hatuoni sababu ya kumnyang’anya. Wanaofaa kushauriwa ni wale wanaoumwa kichwa mara kwa mara, wajawazito, wenye usingizi mbaya au moyo unaokwenda mbio, na wote walionaswa na vidonge.

Wasiache kwa siku moja. Wapunguze robo ya kiasi chao kila baada ya siku nne au tano, ili safari nzima ichukue wiki mbili hadi tatu. Anayekunywa vikombe vinne aanze kwa kuondoa kile cha mwisho cha jioni, kwa kuwa ndicho kinachoharibu usingizi, na usingizi mbaya nao huleta kichwa. Anayependa ladha apunguze unga kidogo kidogo kila wiki badala ya kupunguza idadi ya vikombe. Mkono na mdomo vitabaki na kazi yao. Mwenye kutafuna ahesabu punje, jambo rahisi kuliko kupima kikombe. Anywe maji ya kutosha, hasa msimu wa kiangazi anaposhinda shambani. Kichwa kikiuma katikati ya safari, parasetamoli isiyo na kafeini inatosha, kwa siku chache, na mtoa dawa amsomee lebo asiyeweza kuisoma.

Na dereva wa Rusumo, ambaye kazi yake haimruhusu kulala usiku, afanye hivi: anywe kafeini kidogo kidogo mwanzoni mwa safari badala ya makopo mawili kwa mkupuo alfajiri, asimame Lusahunga alale dakika ishirini usingizi unapomzidi, na akifika akumbuke kula na kunywa maji kabla ya kulala. Kichwa kikiendelea kumuuma kwa zaidi ya wiki moja baada ya kuacha makopo hayo, huenda kafeini si sababu tena, naye aende kituo cha afya akachunguzwe.